Shajara ya mkonge: asidi ya alfajiri, Pongwe

Januari 6

Haya, nimeanza. Miche 24 ya mkonge iko uani kwa shangazi hapa Pongwe, kila mmoja na kiroba chake cha udongo kilo 7 hivi, juu nimefunga turubai la nailoni manake mvua za ghafla za Tanga hazina adabu na mie nataka niwe ndo mwenye kuamua nani anywe nani asinywe. 12 itanyweshwa, 12 itanyimwa. Mimi naanzia kuandika hapa ili nisije nikasahau nilifanya nini lini, nshawahi kuumia kwa hilo.

Shangazi kasimama mlangoni kaniangalia nabandika namba kwenye viroba, akasema, "Yaani umesoma mpaka masters uje unyime mkonge maji? Mkonge lini umeomba maji?"

Na swali lake ndo swali langu, nilivyomwambia akacheka. Kila mtu Tanga anajua mkonge unavumilia ukame. Ninachotaka kuona mie ni ndani, ukikosa maji kweli kweli, ile kazi yake ya kutengeneza chakula inabadilika vipi na inaanza kubadilika lini, kabla jani halijaonyesha chochote kwa macho.

Miche yote ni haibridi 11648, ile iliyozalishwa kituo cha utafiti cha Mlingano, huku huku Muheza. Mmoja wa wazazi wake ni Agave amaniensis, jina kapewa kutokana na Amani, kule milimani Usambara. Kwa hiyo mtoto wa nyumbani kabisa, ingawa ukoo wao ni wa Mexico.

Januari 9

Niandike hapa mpango mzima kwa lugha ya kawaida, nikichanganyikiwa nirudi.

Mimea mingi inafungua stomata mchana, vile vitundu vya kupumulia kwenye jani, inavuta kabonidayoksaidi huku jua linawaka, na hapo hapo maji yanatoka kama mvuke. Mkonge umegeuza saa. Mchana unafunga, usiku ndo unafungua, kwenye ubaridi. Lakini usiku hakuna jua la kupikia, sasa ile hewa ukishaivuta utaiweka wapi? Inakamatwa na kimeng'enya kinaitwa PEP kaboksileizi, inageuzwa asidi ya maliki, inajazwa kwenye vakuoli, vile vifuko vya ndani ya seli, yaani kama mtu anayeteka maji usiku bomba likitoka anajaza madumu. Asubuhi mlango unafungwa, madumu yanafunguliwa ndani kwa ndani, asidi inaachia kabonidayoksaidi, jua linapika. Ikifika jioni madumu matupu. Wataalamu wanaita CAM. Nanasi nalo ni hivyo hivyo, na vanila, na dungusi kakati.

Faida yake ni kubwa sana. Mmea wa kawaida kama mpunga unapoteza gramu 400 mpaka 500 za maji kwa kila gramu moja ya kabonidayoksaidi unayoingiza, wa CAM gramu 50 mpaka 100 tu.

Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi, ndo maana nimeweza kukifanyia uani bila maabara ya maana: jani la saa 11 alfajiri liwe na asidi nyingi, jani lile lile saa 12 jioni liwe na kidogo. Tofauti ya hizo mbili ndo kazi iliyofanyika usiku ule. Napima kwa bureti, ule mrija wenye alama za mililita, na soda kali, yaani kostiki: asidi ikiwa nyingi inakula mililita nyingi za soda, kama praktiko ya fomu foo.

Januari 13

Maandalizi yamenila wiki nzima. Kostiki nimenunua ya maabara, sio ile ya watengeneza sabuni, gramu 2 kwenye lita 1 ya maji napata 0.05 molari. Maji ni maji ya betri kutoka duka la spea, nimeyapima kwanza kwa indiketa manake ukikosea ukauziwa yale yenye asidi umekwisha. Kutobolea jani nimemwendea fundi wa kuchomelea akanikatia kipande cha bomba la chuma na kukinoa mdomo, nagonga na nyundo napata vidonge vya jani vimekaa sawa. Gramu 5, nachemsha kwenye maji mililita 50, nachuja kwa chujio la tui la shangazi (nimemnunulia jipya, hili halirudi jikoni tena), natia matone ya fenofthalini, indiketa ya kunionyesha asidi imeisha, naanza kudondosha soda.

Shida ya kwanza, ule mchuzi ni wa kijani. Fenofthalini inatakiwa igeuke waridi, sasa waridi ndani ya kijani inakuwa sijui rangi gani, kama chai ya maziwa iliyolala. Nimejaribu mara sita nikapata majibu sita. Dawa yake nimeipata leo: nayeyusha zaidi kwa maji, chini naweka sahani nyeupe, pembeni naweka glasi ya mchuzi ule ule usiotiwa kitu, nasimama kwenye tone la kwanza linaloleta rangi tofauti na ile glasi. Sasa napata majibu yanayokaribiana.

Shida ya pili, mikono. Maji ya mkonge yanawasha jamani. Ndani yake kuna vifuwele vya kalsiamu oksaleti vyembamba kama sindano, vinaingia kwenye ngozi. Nimepaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko na bado najikuna. Glavu kesho.

Januari 20

Namba za mwanzo kabla sijanyima mtu maji, wastani wa miche yote: alfajiri mililita 12.4 za soda, jioni 3.8. Nilikaa naangalia lile daftari kama mtu kaona mwezi wa Idd. Ni kitu nimekisoma miaka, lakini kukiona kinashuka kwenye bureti uani kwa shangazi huku jogoo wanawika ni kingine.

Leo ndo maji yamekatwa kwa wale 12.

Nimeanza pia kupima uzito. Kila kiroba nimekifunga nailoni juu ya udongo mpaka shingoni mwa mche, ili maji yakipungua yawe yametoka kwenye jani tu. Mizani ni ya keki, inasoma gramu moja moja. Kiroba kilichonyweshwa kinapungua gramu 35 hivi kutoka magharibi mpaka alfajiri, halafu mchana kutwa na jua la kaskazi lote lile kinapungua 10. Shangazi hakuamini. Akasimamia mwenyewe siku nzima, akapima mwenyewe, akasema mizani mbovu.

Januari 26

Umeme ulikatika jana saa 9 alasiri ukarudi leo saa 5 asubuhi. Sampuli za siku mbili zilikuwa kwenye friza nasubiri nizichemshe kwa pamoja. Zimeyeyuka, zimetoa maji, zimechanganyika. Nimezimwaga zote. Kuanzia leo hakuna kuhifadhi kitu, nikitoboa nachemsha hapo hapo, mkaa uwe umeshawashwa. Ndo kusema naamka saa 10.

Februari 10

Wiki ya tatu bila maji. Miche iliyonyimwa: 11.8 alfajiri, 3.7 jioni. Yaani hakuna kitu! Mhindi ungeshakuwa kuni. Usiku bado inapungua gramu 25 hivi kwa hiyo imeanza kubana mlango kidogo, lakini madumu yanajaa karibu vile vile.

Isipokuwa kiroba namba 17. Huyu tofauti yake imeshuka karibu nusu, na kwa macho yupo sawa tu, kijani, amesimama. Ndo nilichokuwa nakitafuta, mmea unaoumwa ndani kabla ya nje. Nimempiga picha, nimemtumia msimamizi wangu kwa wasapu na maelezo marefu. Kajibu "vizuri, endelea". Maneno mawili. Haya.

Kuna mzee jirani, alikuwa mkata mkonge ujana wake, kaja leo baada ya swala ya alasiri kuangalia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu. Hii unaitesa kwa nini?"

Nikamweleza habari ya asidi ya alfajiri. Hakushangaa hata. Akasema wao walikuwa wanaingia shambani giza bado ili wamalize kipande kabla jua halijakolea, na maji ya jani la alfajiri ndo yalikuwa makali kuliko yote, mchana yanapoa. Nimeandika kama alivyosema. Ule mwasho ni wa vifuwele na sio wa asidi ya maliki kwa hiyo sina hakika vinahusiana, sijapima, ila mtu aliyeshika mkonge miaka ishirini simpingii kwa sababu ya bureti ya wiki tano.

Februari 19

Jamani. Asidi inapanda!! Tangu tarehe 14 namba zinapanda kila siku, leo alfajiri 14.1. Nimekaa nikatunga nadharia nzima, kwamba mmea ukihisi kiu unafanya kazi zaidi usiku kufidia, nikaandika kurasa mbili, nikaanza mpaka kuwaza kichwa cha habari cha ile ripoti.

Februari 23

Kurasa mbili nimezichana.

Usiku wa jana nikiwa najilaza ndo ikanijia, mbona hata waliokunywa maji wamepanda? Na mbona jioni nayo imepanda, kutoka 3.8 hadi 4.3? Kila kitu kimepanda kwa kiasi kile kile, kama duka lililopandisha bei zote siku moja. Mimea 24 haiwezi kukubaliana hivyo. Nikaamka nikachukua asidi ya oksaliki niliyoipima kwa uangalifu, ambayo ilitakiwa ile mililita 10 za soda yangu. Ikala 11.4.

Soda imechoka. Mfuniko wa dumu la kostiki una ufa, mdogo tu, na dumu lenyewe mdomo mpana, linakaa karibu na dirisha upepo unapita. Kostiki ikikaa na hewa inavuta kabonidayoksaidi inageuka kaboneti, nguvu inapungua, kwa hiyo unahitaji mililita nyingi zaidi kwa asidi ile ile. Wiki nzima nilikuwa nadhani napima mkonge unavyovuta hewa usiku, kumbe napima dumu linavyovuta, tena usiku na mchana bila kupumzika, limeishinda mimea yote.

Ningeweza kusahihisha kwa hesabu lakini sijui siku gani ilikuwa imechoka kiasi gani. Siku kumi zote nimezipiga mstari. Soda mpya, chupa ya mdomo mwembamba, na kila asubuhi kabla ya jani la kwanza napima soda yenyewe. Ningefanya hivi toka mwanzo, nilifundishwa, nilikuwa mvivu.

Machi 6

Ramadhani imenirahisishia kazi, nyumba nzima inaamka daku kwa hiyo sio mie peke yangu kichaa wa saa 10 usiku, na shangazi ananiwashia mkaa.

Leo nimefanya kitu cha kujifurahisha. Kwenye ua kuna ule mmea wa majani manene unaoota vitoto pembeni mwa jani, jani likianguka tu linakuwa kitalu. Asili yake Madagaska. Huo nao ni CAM, na ndo ulioanzisha haya mambo: mwaka 1813 Benjamin Heyne akiwa India aliandika kwamba majani yake asubuhi ni machachu na mchana hayana ladha. Alitafuna tu, basi. Mkonge huwezi kuutafuna utajuta, lakini huu kipande kidogo unaonja unatema. Nikaonja kabla ya adhana ya alfajiri: chachu kabisa, kama ukwaju ambao haujatiwa sukari. Jioni sasa nimefunga, nikasubiri adhana, nikanywa maji kwanza manake nikianza na tende kila kitu kitakuwa kichachu, nikaweka jani mdomoni. Hamna kitu. Kama karatasi.

Shangazi ananiangalia na sahani ya tambi mkononi. "Mtu anafuturu majani?"

Machi 10

Wiki ya saba. Hizi ndo namba, na soda imepimwa mara mbili.

Walionyweshwa 12.2 alfajiri, 3.9 jioni. Walionyimwa 7.6 na 4.1.

Tofauti imeporomoka, kutoka 8 na kitu hadi 3.5. Na uzito wa usiku wa hawa wenye kiu ni sifuri, mizani haisogei. Hapo ndo patamu, niende polepole. Kama viroba havipungui uzito, maana yake stomata zimefungwa usiku pia, hakuna hewa inayoingia kutoka nje. Sasa hiyo asidi ya 3.5 inatoka wapi?

Inatoka ndani. Mmea unapumua kama sisi, unachoma sukari zake na kutoa kabonidayoksaidi, badala ya kuiacha iende unaikamata tena usiku unaifanya asidi, mchana unaipika tena kuwa sukari. Milango yote imefungwa, mchana na usiku, na inazungusha hewa yake ile ile. Ni kama bodaboda kijiweni, imesimama haiendi popote ila injini inanguruma ili abiria akitokea asiwe na haja ya kupiga kiki. Haikui, haiongezi chochote, lakini haifi, na zile mashine za kupikia za ndani ya jani haziungui na jua kwa kukosa kazi. Kinachofunga mlango ni homoni, asidi ya absisiki, mizizi ikikauka inaongezeka na stomata zinatii.

Na sukari ya kuchezea wanayo. Agave wanaweka akiba kwa fruktani, ndo hiyo akiba Wamexico wanayoichemsha kwa ndugu yake mkonge wanapata tekila, astaghfirullah mwezi wenyewe huu.

Nimekuwa nawaza sana ile safari ya mwaka 1893. Richard Hindorf, yule Mjerumani aliyeleta mkonge huku, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapita Hamburg, ikazunguka bahari yote ile bila udongo bila maji, ikafika hai 62 huku Pangani. Watu wanaisimulia kama hadithi ya bahati. Mie sasa naona 62 waliokuwa na injini inanguruma gizani ndani ya makasha kwa wiki na wiki, na 938 ambao akiba iliisha kabla ya nchi kavu. Mkonge wote ule uliojaa Tanga, Korogwe, Muheza, na ile Tanganyika ya kuongoza kwa katani, ulianzia kwenye hao 62.

Namba 17 tofauti yake ni 0.5. Karibu amezima. Nimempa nyota kwenye daftari.

Machi 28

Turubai limepasuka. Masika imeingia jana usiku na upepo wake, nimeamka saa 8 nakuta kona moja inapiga kama tanga la jahazi na maji yanamiminika moja kwa moja kwenye viroba vya wasionyweshwa, nailoni za shingoni zimeng'oka, wamejaa maji mpaka juu. Nilikaa kwenye kizingiti nikalowa tu, nilitaka wiki mbili zaidi.

Msimamizi nilipomwambia kasema sasa ndo una jaribio la kupona, acha kulia pima.

Aprili 2

Idd imepita, nimekula pilau mpaka nimekosa sampuli moja ya jioni, naandika ukweli.

Kupona kumeniacha mdomo wazi. Agave wana tabia ya kutoa vijizizi vipya haraka mvua ikinyesha, na nimefukua kidogo pembeni ya kiroba namba 20 nimeviona, vyeupe, laini, kama nyuzi za tambi, na ni siku ya tano tu. Usiku wa jana viroba vimeanza kupungua tena, gramu 12, 15, mmoja 19. Milango imefunguliwa. Asidi ya alfajiri 9.3 na inapanda kila siku. Soda imepimwa, msiniulize.

17 bado. Uzito hausogei.

Aprili 9

Wote 11 wamerudi juu ya mililita 11 alfajiri. 17 yuko vile vile, 4 na kitu asubuhi, 4 jioni. Kwa macho ameanza kuinamisha jani la katikati.

Nikaona basi, nimtoe nione mizizi. Nimemshika shinani nikavuta, akatoka kirahisi mno kama jino la mtoto, nikabaki nimeshika mche na chini hakuna kitu. Nikapasua kisiki kwa kisu. Ndani kumechimbwa mashimo, kumeoza, kunanuka, na katikati amelala funza mnene mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Fukusi wa mkonge. Yule mdudu mweusi wa mashambani, anataga kwenye shina na watoto wanakula kisiki kutoka ndani.

Babu wa jirani kamtazama mara moja tu. "Huyo kaingia zamani, mjukuu. Huyo hakuwa na kiu huyo."

Mche wangu wenye nyota. Mizizi ilikuwa inaliwa toka Februari, maji aliyokuwa nayo udongoni hakuweza kuyavuta, kwa hiyo kweli alifunga mlango na kweli aliishi kwa kuzungusha hewa yake, ila sababu sio ukame wangu. Picha yake iko kwenye wasapu ya msimamizi na iko kwenye slaidi niliyoiandaa.

Nimemtoa kwenye Excel. Tofauti ya wiki ya saba bila yeye inatoka 3.5 inakuwa 3.8, habari yenyewe haibadiliki. Nimemwandikia msimamizi nimemweleza yote pamoja na picha ya funza kwenye kifuniko cha chupa. Kajibu haraka mara hii:

"Na hao 11 umewapasua?"

Sijawapasua. Wala wale 12 wa maji. Kesho naazima jembe kwa babu.